Kiu Isiyo Tamaa: Istilahi za Kipali na Msomaji wa Kiswahili wa Bonde la Ufa

1.0 Utangulizi

Mafundisho ya Buddha yanayofuatwa na madhehebu ya Theravada huko Sri Lanka, Myanmar na Thailand yamehifadhiwa katika Kipali, lugha ya kale ya India. Mafundisho hayo yamejengwa juu ya istilahi chache ambazo hurudiwarudiwa na kufafanuana zenyewe kwa zenyewe: dukkha, tanha, anicca, anatta, sati, samadhi, bhavana na nibbana. Anayezifasiri istilahi hizi huwa anaufasiri mfumo mzima wa fikra, hata kama anadhani kwamba anatafuta kisawe cha neno moja tu.

Katika Afrika Mashariki istilahi hizi si ngeni kabisa. Wasinhala waliofika Dar es Salaam walijenga hekalu lao huko mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 2005 mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita, alianzisha Kituo cha Kibuddha cha Uganda karibu na Entebbe, na mwaka 2006 akachapisha kitabu Planting Dhamma Seeds kuhusu kuchipuka kwa mafundisho hayo barani Afrika. Palipo na mwalimu na wasikilizaji wa Kiswahili, istilahi za Kipali hazina budi kupata maneno ya Kiswahili, ama kwa kupangwa au kwa bahati tu.

Makala haya yanayachunguza maneno ambayo kwa kawaida humjia mfasiri kwanza: mateso, tamaa, nafsi, kutafakari na pepo. Yanayapima kwa sikio la msomaji wa Nakuru na Bonde la Ufa la kati. Mji wa Nakuru ulikua baada ya reli kufika hapo mwaka 1900, ukakusanya watu wa jamii nyingi, na Kiswahili kikawa lugha ya soko, ya shule na ya mimbari. Wengi wa wasomaji wake wamezipata dhana za kiroho kupitia Biblia, si kupitia madrasa na tendi za pwani. Hoja inayotetewa ni kwamba nomino za kidini zilizozoeleka katika Kiswahili huyapotosha mafundisho haya kwa namna inayoweza hata kumuumiza msomaji, ilhali sarufi ya kitenzi cha Kiswahili, hasa kauli ya kutendeka, inampa mfasiri nyenzo ambayo lugha nyingi hazina.

2.0 Msamiati wa Dini na Mzigo Wake

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya dini. Kina wingi wa maneno hayo, na wingi huo ndio tatizo. Tafsiri za Kurani, kama ile ya Godfrey Dale ya mwaka 1923 na ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy iliyokamilika mwaka 1969, pamoja na Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, ziliyathibitisha maneno kama roho, nafsi, dhambi, toba, pepo na mateso katika maana mahususi. Maneno hayo yote yana mhimili mmoja: Mungu aliyeumba, mtu mwenye nafsi, na hukumu inayowangoja wote. Ukilichomoa neno moja kutoka humo, mengine hufuata kama mizizi ya kwekwe inavyofuata mche uliong'olewa.

Tatizo hili lina historia nje ya Afrika. Wafasiri wa kwanza wa Kichina waliazima maneno ya falsafa ya Tao, hata nibbana ikaitwa kwa neno la Kitao lenye maana ya kutotenda. Wasomaji walielewa upesi, lakini walichokielewa kilikuwa Utao. Karne kadhaa baadaye mfasiri Xuanzang (602–664) akahusishwa na kanuni ya aina tano za maneno yasiyopaswa kufasiriwa bali kutamkwa kama yalivyo. Miongoni mwake ni maneno yenye maana nyingi kwa mpigo na maneno ya vitu visivyokuwapo katika nchi ya lugha lengwa. Fundisho la historia hiyo ni kwamba wepesi wa kueleweka si kipimo tosha cha tafsiri. Neno likieleweka mara moja, huenda ni kwa sababu msomaji amelijibu kwa jambo alilokwisha kulijua.

3.0 Dukkha na Tanha: Nani Mwenye Kosa?

Kweli nne za Buddha huanza na dukkha. Mfasiri wa haraka ataandika kwamba maisha ni mateso, kwamba chanzo cha mateso ni tamaa, na kwamba mateso hukoma tamaa ikikatwa. Sentensi hizo ni sanifu, fupi na rahisi kukariri. Zinastahili kuchunguzwa neno kwa neno.

'Mateso' ni nomino itokanayo na kitenzi 'tesa', na kitenzi hicho ni elekezi: hudai mtendaji na mtendwa. Palipo na mateso, sikio la Mswahili humtafuta mtesaji. Katika Kiswahili cha kanisani neno hilo limefungamana na Mateso ya Yesu, ambayo yana watesaji wanaotajwa kwa majina na kwa vyeo. Dukkha haina mtesaji. Wapo wanaolieleza neno hilo kwa mfano wa gurudumu ambalo tundu lake halikukaa sawasawa kwenye ekseli, hivyo gari linakwenda lakini linatikisika. Mafundisho yenyewe hutaja dukkha ya namna tatu: maumivu ya wazi, ile ya mambo mazuri kubadilika, na ile iliyomo katika kila jambo lililoundwa kwa kutegemea mengine. Neno 'mateso' hufaa kidogo kwa namna ya kwanza, halifai kwa ya pili, na kwa ya tatu halina la kusema. 'Kuteseka' ni nafuu, kwa kuwa kauli ya kutendeka humwondoa mtesaji, lakini nalo hubaki katika maumivu tu. 'Taabu' hustahimili zaidi: mtu huona taabu au hupata taabu bila ya kumlaumu yeyote. Kwa namna ya tatu, kitenzi kinachokaribia ni 'kutotengemaa', yaani hali ya jambo lisilotulia mahali pake hata pale linapopendeza.

Tatizo kubwa zaidi limo katika tanha. Tafsiri ya 'tamaa' hubeba hukumu ya kimaadili. Methali husema tamaa mbele mauti nyuma, na fisi wa hadithi huangamia kwa tamaa yake. Mwenye tamaa ni mkosaji. Basi sentensi isemayo kwamba mateso hutokana na tamaa, ikisomwa Nakuru, haisomwi katika ombwe. Wilaya za Bonde la Ufa zilishuhudia machafuko ya kikabila wakati wa uchaguzi wa mwaka 1992, Njoro ikapatwa tena mapema mwaka 1998, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 maelfu ya watu waliofukuzwa makwao walipiga kambi katika uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru. Mtu aliyeunguziwa nyumba ana mtesaji, tena mwenye uso. Kumwambia kwamba mateso yake yametokana na tamaa ni kumhamishia yeye kosa la aliyemchoma. Mafundisho ya Kipali hayasemi hivyo. Ujeuri wa mtu mwingine hauhesabiwi kuwa tanha ya aliyejeruhiwa. Mafundisho huzungumzia namna moyo unavyolishika jambo, liwe zuri au baya, na kuendelea kuungua nalo. Kosa hapa ni la msamiati, lakini madhara yake ni ya kimaadili.

Neno 'tamaa' lina mtego wa pili. Katika Kiswahili tamaa ni matumaini pia, na 'kukata tamaa' ni kupoteza matumaini. Mfasiri akiandika kwamba taabu hukoma mtu akikata tamaa, amelifanya tumaini la kweli ya tatu kuwa wito wa kuvunjika moyo. Ni vigumu kufikiria tafsiri iliyo sahihi kikamusi na iliyo kinyume cha kusudio kwa kiwango hiki.

Maana ya msingi ya tanha ni kiu, na Kiswahili kina neno hilo bila ya kuazima. Kiu hailaumiwi. Mtu hushikwa na kiu wala hachagui kushikwa. Hata Injili, katika heri zilizomo katika Mathayo, huwasifu wenye kiu ya haki, kwa hiyo msomaji wa Nakuru amekwisha kuzoea kuisikia kiu kama sitiari ya moyo. Neno hili nalo lina mpaka wake. 'Kukata kiu' ni kuituliza kwa kunywa, na mafundisho husema kwamba kiu ya namna hii huongezeka kwa kunyweshwa. Mfasiri aandike basi kwamba kiu hukoma, asiandike kwamba hukatwa.

4.0 Anicca mbele ya Al-Inkishafi

Dhana ya anicca, yaani kwamba kila kilichoundwa hubadilika, yaonekana kuwa nyepesi kwa fasihi ya Kiswahili, kwa sababu utanzu wa kuizindua nafsi juu ya udanganyifu wa dunia ulikomaa pwani muda mrefu. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19, ndiyo kilele chake. Mshairi huusemesha moyo wake, akauonyesha majumba ya Pate yaliyojaa taa na watu, kisha akauonyesha magofu yale yale yakiwa makazi ya popo na ndege. Mbinu hiyo ya kuuleta moyo mbele ya kilichobomoka na kuulazimisha kutazama iko karibu sana na zoezi la watawa wa Theravada la kuzingatia mauti.

Hata hivyo ukaribu huo una mwisho, na mhakiki akiukosa atakuwa amevisoma vibaya vyote viwili. Katika Al-Inkishafi dunia hupita kwa sababu akhera haipiti. Ubovu wa majumba ya Pate ni hoja, na hitimisho la hoja hiyo ni hukumu na moto unaofafanuliwa mwishoni mwa utenzi. Upande mmoja wa mizani huanguka ili upande wa pili uonekane uzito wake. Katika anicca mizani haina upande wa pili wa namna hiyo. Kinachobadilika ni pamoja na moyo unaotazama. Ndiyo maana kitenzi 'kupita', ambacho ni kitenzi cha asili ya utanzu ule, hakifai sana hapa: hudhania kuna mahali pa kusimama pakitazamwa vinavyopita. 'Kugeuka' hufaa zaidi.

Mandhari ya Bonde la Ufa hulidhihirisha jambo hilo kuliko magofu. Ziwa Nakuru lilikauka sehemu kubwa katikati ya miaka ya 1990, kisha kuanzia takribani mwaka 2010 maji yakapanda hadi kulifunika lango kuu la zamani la hifadhi, na heroe wengi wakahamia Ziwa Bogoria na kwingineko. Gofu hufundisha kwamba utukufu ulikuwapo ukaisha. Ziwa hili halikuisha, wala halikubaki lile lile. Anayelisimulia kwa kitenzi 'kupita' hukosea, na anayelisimulia kwa kitenzi 'kudumu' hukosea pia.

5.0 Anatta: Kati ya 'Hana' na 'Si'

Istilahi ngumu kuliko zote ni anatta. Tafsiri ya kawaida ingekuwa 'kutokuwa na nafsi'. Kwa msomaji wa Biblia, nafsi ndiyo itakayookolewa au kupotea, na asiye na nafsi ni mfu au ni mnyama. Kwa mwanafunzi wa shule ya upili, nafsi ni istilahi ya sarufi: nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Maana zote mbili hukutana katika jambo moja, nalo ni msemaji asimamaye nyuma ya kitenzi.

Umbo la 'mtu hana nafsi' lina kasoro ya kimantiki. Kiambishi cha nafsi ya tatu kimekwisha kumweka mtu jukwaani kabla ya sentensi kumnyang'anya nafsi yake. Anabaki mtu yule yule akiwa amepungukiwa. Lakini hotuba ya pili ya Buddha, inayohusu anatta, haianzi na mtu. Huyachukua mafungu matano, yaani mwili, hisia, utambuzi, maumbo ya nia na fahamu, na kuuliza juu ya kila moja kama laweza kudaiwa kuwa ni mali ya mtu au kuwa ndiye yeye. Jibu la kila swali ni la aina ya 'si', wala si la aina ya 'hana'. Tofauti hiyo Kiswahili huitamka kwa silabi moja. 'Mwili si nafsi' ni uchunguzi, ilhali 'mtu hana nafsi' ni tangazo. Inasimuliwa pia kwamba mzururaji Vacchagotta alipomuuliza Buddha kama nafsi ipo, na kisha kama haipo, Buddha alinyamaza mara zote mbili. Mfasiri anayeandika 'hakuna nafsi' amelijibu swali ambalo mwenye mafundisho alikataa kulijibu.

Hapa ndipo sarufi inapomfaa mfasiri kuliko kamusi. Kitenzi cha Kiswahili kwa kawaida hudai kiambishi cha nafsi: nasikia, nawaza, naumwa. Lakini lugha ina njia tatu za kutoka. Ya kwanza ni kauli ya kutendeka, ambamo 'nasikia sauti' huwa 'sauti inasikika' na tukio hubaki bila mwenyewe. Ya pili ni 'kuna': badala ya 'naumwa', 'kuna maumivu'. Ya tatu ni kitenzijina. Mwalimu wa Burma, Mahasi Sayadaw (1904–1982), aliwafundisha wanafunzi wake kulitaja kimoyomoyo kila jambo linalotokea, na mtu anayelifanya zoezi hilo kwa Kiswahili atataja 'kusikia', 'kuwaza', 'kuumwa', maumbo yasiyo na nafsi ya kwanza wala ya tatu. Jambo hilo kiambishi ku- kinalitimiza bila ya maelezo marefu.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Kauli ya kutendeka ina maana mbili: 'kitabu kinasomeka' huweza kuwa na maana ya uwezekano. Utata huo ni wa kweli, lakini huondolewa na muktadha na njeo, kwani 'sauti imesikika' haimkanganyi yeyote.

6.0 Sati, Samadhi na Bhavana

Istilahi za mazoezi hufasiriwa mara nyingi kwa neno moja, 'kutafakari'. Neno hilo lina heshima yake katika ibada ya Kiislamu na ya Kikristo, lakini kutafakari ni kuwaza juu ya jambo kwa kina, na zoezi la Kipali mara nyingi huwa ni kuyaangalia mawazo yenyewe bila ya kuyafuata.

Sati hasa ni kumbukumbu, kwa maana ya kutolisahau jambo lililo mbele ya mtu. T. W. Rhys Davids, aliyeanzisha jumuiya ya kuchapisha matini za Kipali mwaka 1881, aliipatia sati neno la Kiingereza lenye maana ya kutia jambo maanani, na neno hilo likaenea duniani huku maana ya kumbukumbu ikififia. Kiswahili kina hatari ya kuurithi upungufu huo kwa kutumia 'umakini'. Tena umakini ukipewa sati, samadhi itabaki bila neno, kwa kuwa samadhi ndiyo moyo uliokusanyika mahali pamoja. Mgawanyo wenye mantiki zaidi ni 'kuzingatia' kwa sati, kwa sharti kwamba ielezwe kuwa ni kuzingatia bila kusahau, na 'utulivu makini' kwa samadhi. Istilahi hugawanywa kwa jumla kama mashamba ya ndugu: hakuna anayeweza kupimiwa lake bila ya kuyagusa ya wengine.

Bhavana, neno la jumla kwa mazoezi yote haya, lina maana ya kukifanya kitu kiwe, kukikuza. Katika Njoro, ambako Chuo Kikuu cha Egerton kilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, istilahi hii haihitaji kuazimwa kutoka kwa ibada yoyote. 'Kukuza' na 'kupalilia' hubeba kazi nne za juhudi zinazotajwa katika njia ya Buddha: kuzuia kibaya kisichoota, kung'oa kilichoota, kupanda chema na kukitunza. Matini za Kipali zenyewe zina hotuba ambamo Buddha hujieleza kuwa mkulima mbele ya mkulima aliyemdhania mvivu. Sitiari hiyo, basi, haikubuniwa kwa ajili ya Bonde la Ufa, ila imepata udongo unaoifaa.

7.0 Mipaka ya Utohozi

Wapo watakaosema ni salama kuyaacha maneno yote katika Kipali. Utohozi nao una mitego yake. Herufi dh za Kiswahili si sauti ile ya Kipali, kwa hiyo dhamma hutamkwa kwa mwanzo wa 'dhambi' na 'dhamana'. Sila, yaani maadili, ni mwenziwe Paulo katika Matendo ya Mitume. Sati huwakumbusha wasomaji wa historia desturi ya kale ya Kihindi ya kumchoma mjane, ambayo haihusiani na neno hili. Hata jina la Buddha lina jirani yake katika Sheng, ambamo 'buda' ni baba au mzee.

Nibbana inastahili kutofasiriwa kwa kanuni ile ya Xuanzang. 'Pepo' huifanya kuwa mahali pa kwenda baada ya kufa. 'Kuzimika', ambalo ndilo umbo la karibu na sitiari ya moto uliokosa kuni, huvuta mwangwi wa 'kuzimia' na 'kuzimu', na msomaji huona giza. Ikibidi maelezo, kitenzi 'kupoa' ni bora: moto hupoa, mgonjwa hupoa homa, na kijana wa Nakuru akijuliwa hali hujibu 'poa'. Kitenzi hiki ni jirani wa 'kupona' kwa sauti na kwa maana, na ujirani huo haupotoshi.

8.0 Hitimisho

Makala haya hayadai kuwa maneno yenye asili ya Kiarabu yaepukwe. Taabu ni neno la asili hiyo, nalo limependekezwa hapa. Kinachodaiwa ni kwamba neno lipimwe kwa kazi yake ndani ya mfumo na kwa sikio la anayelipokea. Kwa kipimo hicho dukkha yafaa kuwa taabu isiyo na mtesaji, tanha kuwa kiu, anicca kugeuka, anatta kukanushwa kwa 'si' wala si kwa 'hana', bhavana kupalilia, na nibbana kuachwa ilivyo.

Kwa mwanafunzi wa fasihi, zoezi hili lina faida hata kama hana haja na mafundisho ya Buddha. Linaonyesha kwamba falsafa ya lugha haikai katika nomino zake kuu peke yake. Hukaa pia katika viambishi vidogo ambavyo msemaji hutumia kila siku bila ya kuviwazia. Na kwa mfasiri atakayesimama mbele ya wasikilizaji wa Nakuru, tofauti kati ya kiu na tamaa itakuwa ndiyo tofauti kati ya kumfariji aliyepoteza nyumba na kumshtaki.